Uzi wa Mlimani Haukatwi

"Utamwambia wewe mwenyewe, kwa mdomo huo huo—"

"Wanza, si unisikize kwanza—"

"—huo huo uliomdanganya nao! Sikusikizi! Nimekusikiza tangu darasa la pili, ukimwambia mama ati mbuzi amekula ripoti yako ya shule—"

"Lakini mbuzi aliila kweli!"

"Baada ya wewe kuipaka chumvi!"

Mutuku akainama kutazama miguu yake. La chumvi lilikuwa kweli.

Walikuwa wamesimama jikoni, katika nyumba ya kupanga ya Wanza huko Reynoldsburg, kitongoji cha Columbus, Ohio, dada na mwiko mkononi, mdogo wake na soksi mguu mmoja. Chai ilikuwa imefurika ikazima jiko na hakuna aliyeishughulikia. Ilikuwa Jumapili na kanisa lilikuwa limeshawapita.

Simu ilikuwa imetoka Buffalo asubuhi hiyo. Delfina, rafiki ya Wanza wa tangu enzi za kwaya, alikuwa akilia hata maneno yanagongana. Baba yake, Mzee Athanasi wa kule Louisville, alikuwa amekataa operesheni tena. Figo zake zilikuwa zimechoka. Damu yake ilisafishwa na mashine kupitia mpira uliochomekwa kifuani, na pale mpira ulipoingia pameanza kutunga usaha. Madaktari walitaka kumtengenezea njia ya kudumu mkononi, waunganishe mishipa miwili juu kidogo ya kiganja. Operesheni ndogo, mtu analala nyumbani kwake. Lakini pale pale pa kupasuliwa palikuwa na uzi mweupe, na mzee alikuwa ameshasema: uzi ule haukatwi wala hauhamishwi.

"Ndugu Mutuku alituambia haukatwi mpaka ukatike wenyewe," Delfina alisema. "Dada Wanza, mwombe awapigie wale wazee waliouombea. Awaulize kama ruhusa ipo. Wasipompasua kesho, daktari anasema yeye hajui tena. Huo mpira utamwua baba."

Wanza alikata simu, akaenda sebuleni, akamvua mdogo wake blanketi pale kwenye kochi alipozoea kulala, akamuuliza swali moja tu: ule uzi ulitoka wapi?

Ndipo ugomvi ulipoanza.

"Mimi sikudanganya," Mutuku alisema sasa, akitafuta soksi ya pili. "Nilisema ni uzi wa mlima wa maombi. Mlima upo, nimeupanda kwa miguu yangu. Watu wanaomba, nimewasikia kwa masikio yangu. Nionyeshe uongo uko wapi."

"Uongo uko pale ulipoacha waseme Yerusalemu na wewe ukatingisha kichwa."

"Shingo iliniuma."

"Mutuku!" Mwiko ukagonga meza. "Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Sasa usaha uko kifuani kwa mtu. Usaha wa kweli, sio wa methali. Vaa viatu."

Wanza alikuwa nesi katika kliniki moja ya Westerville, kwa hiyo alipotaja usaha hakuwa anapamba maneno. Mutuku alikuwa amebakisha kozi chache amalize shahada ya uhandisi alipoamua kupumzika muhula mmoja. Muhula huo ulikuwa haujaisha mpaka leo, mwaka wa nne huu. Mchana aliendesha forklift, gari la kunyanyulia mizigo, kwenye bohari, jioni aliwachekesha watu. Kufunga mkebe wa karanga na kumwekea mtu nyoka wa mpira ndani, kupiga simu kwa sauti ya mchungaji, kumwambia mgeni asiyewahi kuona theluji kwamba ikiyeyuka kidogo inapikwa uji: hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya roho. Na watu walimpenda kwa hilo. Hakuna harusi wala matanga ya Waswahili wa Columbus ambayo hakualikwa.

Wakaingia garini.

Barabara ya kutoka Columbus kwenda Louisville imenyooka na haina la kumsaidia mtu mwenye hatia. Mashamba ya mahindi yaliyovunwa, matangazo ya mawakili, mashamba tena. Wanza aliendesha mikono miwili kwenye usukani kama mtu anayefanya mtihani.

"Lakini Wanza, ukifikiria vizuri—"

"Usinichekeshe."

"Sikuwa nataka kukuchekesha."

"Wewe hata ukikohoa unataka kuchekesha. Kaa hapo." Baada ya kitambo akaongeza, na hapo ndipo uchungu wake ulipokuwa: "Miaka yote hii nawaeleza Wakenya wenzetu kwamba sio kila Mkamba ana uchawi wa kamuti kabatini. Nacheka nao, nawaambia jamani sisi tumeokoka. Halafu ndugu yangu wa tumbo moja anasimama kwenye ukumbi wa kanisa, anagawa hirizi!"

"Sio hirizi. Hata wao wenyewe hawaiiti hirizi."

"Wao akina nani?"

Basi Mutuku akamsimulia. Sio yote.

Chaminda, aliyekaa naye chumba kimoja enzi za chuo, alikuwa amemwalika kwenye harusi yake kwao Sri Lanka. Harusi ilipokwisha, wajomba wa Chaminda wakasema mgeni hawezi kuondoka bila kuona Dambulla. Huo ni mwamba, mwamba mmoja mkubwa uliojitokeza katikati ya nchi tambarare, na tumboni mwake kuna mapango ambamo watu wamekuwa wakisali kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Viatu unaviacha mlangoni. Jua lilikuwa limeukaanga mwamba tangu asubuhi na Mutuku alivuka ule uwanja akirukaruka kama chapati kwenye kikaango, nyani wakimwangalia bila huruma.

"Nyani mmoja alininyang'anya ndizi," alisema.

"Mungu ambariki."

Ndani kulikuwa na baridi ya ghafla. Sanamu la kwanza lilikuwa limelala ubavu, Buddha mrefu kama trela, amechongwa kwenye mwamba ule ule aliolalia, nyayo zake zimepakwa rangi nyekundu. Harufu ya maua na ya vitaa vidogo vya mafuta. Dari lote la pango lilikuwa limechorwa, na michoro ilifuata matuta ya jiwe mpaka ungeapa ni kitambaa kimetandikwa juu na upepo unakiinua. Katika pango la pili maji yalidondoka kutoka juu, tone, kimya, tone, yakiingia kwenye chombo kilichotengwa peke yake, na mjomba wa Chaminda alisema hata mwaka wa ukame hayakatiki. Wanawake waliovaa nguo nyeupe walikuwa wamekaa chini na watoto wao, na hakuna mtoto aliyelia.

Mutuku hakujua la kufanya na ukimya ule. Ukimya siku zote ulimwasha mwili. Akamwinamia Chaminda akamnong'oneza, "Huyu amelala hivi toka zamani, kodi ya nyumba analipa nani?"

Chaminda, aliyekuwa akicheka hata mzaha wa mara ya kumi, hakucheka. Alimwangalia tu, kama unavyomwangalia mgeni aliyetema mate sebuleni kwa mama yako.

"Ungekuwa umekoma hapo," Wanza alisema.

"Ningekuwa nimekoma hapo."

Lakini hakukoma, na sehemu iliyofuata hakumsimulia dada yake. Aligeuza uso dirishani, wakati huo wanaukaribia mji wa Cincinnati, akaisimulia nafsi yake.

Karibu na mlango wa kutokea alikuwa amekaa mtawa mzee, jicho moja lina ukungu, anawafunga wageni uzi mweupe mkononi. Ilipofika zamu ya Mutuku aliuliza kitu, na Chaminda akatafsiri: "Anauliza, nyumbani kwenu nani anaumwa?"

Angeweza kusema hakuna. Ingekuwa kweli na ingekuwa fupi. Lakini bado uso ulikuwa unamchoma kwa ule mzaha uliokufa, akataka kupata kitu cha kucheka baadaye, basi akashusha mabega, akalegeza midomo, akasema, "Baba yangu. Mgonjwa sana. Hainuki."

Baba yake wakati huo alikuwa Wote, Makueni, juu ya paa, anapigilia mabati kwa nyundo.

Mtawa hakumfunga uzi. Aliweka chini upepeo wake, akawaita wenzake wawili. Wakakaa, wakaushika ule uzi wote watatu, ukapita mkono kwa mkono, wakaanza kuimba kwa sauti ya chini isiyo na haraka. Waliimba mpaka miguu ya Mutuku ikafa ganzi na wageni wengine wakapanga foleni nje bila kunung'unika. Walipomaliza, mzee alizungusha uzi kwenye kijiti, akamwekea kiganjani, akamfunga vidole vyake juu yake kama mtu anayempa mtoto sarafu aende dukani. "Anasema mpelekee baba," Chaminda alitafsiri, na macho yake yalikuwa na machozi, maana na yeye aliamini. "Akishafungwa usiukate. Uache ukatike wenyewe. Pole sana ndugu yangu, mbona hukuniambia?"

Tangu siku hiyo kila namba ya Kenya ilipoita kwenye simu yake, Mutuku alijua ni habari mbaya za baba. Kwao kuna vitu unavichezea, lakini kumuugulia mzazi aliye mzima, yaani kumtangazia ugonjwa, ni kumwitia ugonjwa wenyewe. Alikuwa akiacha simu ilie mpaka ikate, halafu anamtumia baba ujumbe: niko kazini, uko salama? Baba alijibu kila mara: niko salama, kwani umesikia nini?

Uongo wa pili ulikuja wenyewe, kwa ajili ya zawadi.

Mtu wa kwetu hasafiri akarudi mikono mitupu. Hata akitoka mtaa wa pili atabeba mkate. Mutuku alikuwa ametoka bara lingine, na Jumapili ya kurudi kwake ndiyo ilikuwa siku ya kwaya ya Warundi kuja kutoka Louisville kuimba na Wakenya wa Columbus. Ukumbini, chai na mandazi mezani, wamama walimzunguka. Mama Delfina, mke wa Mzee Athanasi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, alisimama mbele yake akanyoosha viganja. "Haya, mwanangu wa safari. Umetuletea nini?"

Alikuwa amesahau. Hata majani ya chai, ambayo nchi ile imejaa, alikuwa ameyasahau. Akaingiza mkono mfukoni mwa koti na vidole vikakutana na kijiti.

"Uzi," alisema. "Wa mlima wa maombi."

Alikusudia kumwacha aamini kwa dakika moja, kisha amwambie, wacheke, yeye apigwe kofi la begani kama kawaida. Lakini Mama Delfina alifumba macho. Watu wengine wakasema haleluya. Mtu akasema Yerusalemu, mwingine akasema hapana, ni Sinai, na Mutuku akatingisha kichwa kwa vyote viwili. "Mwanangu," Mama Delfina alisema, sauti yake yote imeondoka, "nikatie na wa baba Delfina. Figo zake, unajua."

Mzaha ukishapigiwa magoti hauchekeki tena. Aliukata.

Garini, kufikia hapo, walikuwa wameshavuka Mto Ohio kuingia Kentucky. "Kuna kingine," alimwambia Wanza, akichagua kile kidogo. "Nyuzi za Buffalo, zile alizoomba Delfina kwa ajili ya wamama wa kanisani kwake? Uzi wa mlimani ulikuwa umekwisha."

Wanza alimwangalia mpaka gari likataka kuacha mstari. "Ukafanya nini?"

"Lile duka la vitambaa."

"Mungu wangu."

"Niliuzungusha kwenye kijiti kile kile."

Wanza alikanyaga mafuta mpaka Louisville.

Mzee Athanasi na mkewe walikaa mtaa wa Beechmont, ghorofa ya chini, nyumba yenye kituo cha basi mbele na maua ya plastiki dirishani. Mama Delfina alifungua mlango kabla hawajagonga. Ndani kulinukia maharage na mawese. Mzee alikuwa kwenye kochi na blanketi magotini, amekonda mpaka masikio yake yalionekana makubwa, kola ya shati imefunguliwa na bandeji inachungulia. Kwenye mkono wa kushoto, juu kidogo ya kiganja, ulikuwepo uzi. Haukuwa mweupe tena. Ulikuwa na rangi ya maji ya kuoshea mchele.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba! Aa, Mkamba wangu!" Macho ya mzee yaliwaka. "Mama, njoo uone, Mkenya amejifunza shikamoo. Ulijifunzia hapo mlangoni?"

"Nilijifunzia njiani, Baba. Wanza alinichapa."

"Vizuri. Na mlima umekuja nao au umeuacha kwenye gari?"

Mutuku alicheka, kisha akaangalia mlango. Kumbe utani huo ndio ulikuwa mgumu zaidi. Angekuwa mzee mkali, ingekuwa rahisi. Lakini huyu naye alikuwa mtu wa utani, aliyewahi kuwaambia wageni kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kwamba yeye ni balozi wa Ufaransa, na walikuwa wamependana kwa sababu hiyo tangu siku ya kwanza.

Simu ya Mama Delfina ilikuwa imeegemezwa kwenye chupa ya chai juu ya meza, na ndani yake alikuwepo Delfina, nyuma yake dirisha la Buffalo limejaa theluji. "Baba, umemsikia ndugu Mutuku?" alianza bila salamu. "Ameuliza? Wamesema ruhusa ipo?"

"Mwache mtoto ale kwanza," mama yake alisema.

"Sili, Mama," Mutuku alisema. Alikuwa hajawahi kusema neno hilo katika nyumba ya mtu. Mama Delfina akaweka sahani chini.

Wanza alimgusa mgongoni kwa kidole kimoja. Kidole kile kilikuwa kama bunduki.

"Baba," Mutuku alisema. "Huo uzi sio wa Yerusalemu."

"Sinai," Mama Delfina alisahihisha.

"Wala Sinai. Ni wa Sri Lanka. Ni hekalu la watu wa Buddha, ndani ya mwamba. Watawa wao ndio waliuombea. Sio watu wetu. Nilitaka kufanya mzaha, nikasema nitawaambia baadaye, halafu baadaye haikufika. Hakuna mtu wa Mungu wetu aliyesema usikatwe. Kwa hiyo kesho ukatwe tu, Baba. Tafadhali. Ukatwe, upasuliwe. Mimi ndiye mjinga. Usife kwa ajili ya ujinga wangu."

Friji ilinguruma jikoni. Basi lilisimama nje, likashusha pumzi, likaondoka.

"Na hizi zetu?" Delfina aliuliza simuni, amenyanyua mkono wake. "Hizi nazo ni za Buddha?"

"Hizo... hizo ni za dukani."

"Duka gani?"

"La vitambaa. Reynoldsburg."

"Jamani!" Delfina alishika kichwa. "Mama Florida wa kanisani kwangu amejifungua na huo uzi mkononi! Ametoa ushuhuda!"

"Mtoto hajambo?"

"Hajambo! Kilo nne!"

Hakuna aliyejua acheke au alie. Mama Delfina aliinuka polepole, akaufungua uzi wa mkononi mwake kwa meno, akauweka mezani kando ya sahani ya maharage, akaingia jikoni. Walisikia maji yakifunguliwa. Hayakuosha kitu, yalimwagika tu.

"Nilimshukuru Mungu kwa ajili yako," alisema kutoka kule ndani, na sauti yake ya ng'ambo ya mto ilikuwa ndogo. "Kila usiku. Kwa jina."

Mutuku alitamani angerushiwa sufuria.

Mzee Athanasi alikuwa akiuzungusha uzi kwa kidole, taratibu.

"Hao watawa," aliuliza mwishowe. "Waliimba?"

"Waliimba, Baba."

"Muda mrefu?"

"Mpaka miguu yangu ikafa ganzi."

"Walikuwa wanamwombea nani?"

Hapo Mutuku angeweza kusema hajui lugha yao. Hilo nalo lingekuwa kweli, kweli ya aina yake, ile aliyozoea kujificha ndani yake. Alimwangalia mzee, akaangalia bandeji.

"Baba yangu. Waliniuliza nani anaumwa nyumbani, nikasema baba yangu ni mgonjwa sana, hainuki."

"Baba anaumwa?" Wanza alishtuka akasimama. "Tangu lini? Mbona hamkuniambia?"

"Haumwi. Ni mzima. Nilidanganya."

Wanza alikaa tena, kama mtu aliyekatiwa kamba. "Ulimuugulia baba," alisema polepole. "Mutuku. Ulimuugulia baba yetu kwa watu wanaomba." Akafunika uso kwa kanga aliyoivaa mabegani, akaanza kulia.

"Ngoja, mwanangu Wanza, ngoja kidogo," Mzee Athanasi alisema. Alikuwa amejiinua kwenye kochi, na ilimgharimu. "Mutuku. Nijibu vizuri, bila utani. Walipomaliza kuimba, walikwambiaje?"

"Walisema nimpelekee baba."

"Baba mgonjwa."

"Ndiyo."

"Na kule Kenya hakuna baba mgonjwa."

"Hakuna."

"Ukamletea nani?"

Mutuku aliutazama uzi. Wanza alishusha kanga, na uso wake wa unesi ukarudi haraka, kwa sababu aliona mazungumzo yanakoelekea. "Baba, samahani. Ukisema sasa huo uzi ni wako kweli, utakataa tena kesho. Mimi nimeona watu wenye mpira wa kifuani uliooza. Nakuomba."

"Delfina," mzee alisema bila kumjibu, "unanisikia huko kwenye baridi yako?"

"Nakusikia, Baba."

"Nitakwenda kesho. Mama, na wewe sikia. Funga hayo maji." Maji yakafungwa. Mama Delfina alitokea mlangoni, macho mekundu. "Nitawaambia kitu. Mimi sio mtoto. Nilipoona huu uzi nilijua hautoki Yerusalemu, Yerusalemu wangeweka na msalaba wa kuuza. Sikujali. Nilikuwa naogopa. Wakishanikata hapa, wakaniwekea njia ya mashine, ina maana mashine ndiyo maisha yangu mpaka mwisho. Mpira unatolewa. Njia ya mkononi haitolewi. Basi kila walipoleta kisu nikawaonyesha uzi. Uzi ulikuwa unakataa kwa niaba yangu, mimi nikiwa nimenyamaza."

"Baba Delfina!" Mama Delfina alishangaa. "Ukaniacha nifunge na kuomba?"

"Kufunga kulikupunguza kidogo, ulipendeza."

"Ona huyu!" Lakini alikuja akakaa karibu naye, goti kwa goti.

Hewa ilirudi chumbani. Delfina alikuwa akifuta machozi na kucheka kule Buffalo. Wanza alivuta sahani ya maharage, akala kijiko kimoja, ishara kwamba vita vimepoa. Mutuku alijiona amesamehewa kwa mara ya kwanza tangu aliposhuka kwenye ule mwamba. Alianza hata kutafuta mzaha mdogo, mdogo tu, wa kuaga nao.

"Lete mkasi, Mama," mzee alisema.

Mkasi ulitoka jikoni, ule wa kukatia mbawa za kuku. Mzee hakuupokea. Alimwelekeza mkewe kwa kidevu ampe Mutuku, kisha akanyoosha mkono wake wa kushoto, kiganja juu, mishipa imesimama chini ya ngozi kama mizizi. Mutuku alipiga goti kwenye zulia. Uzi ulikuwa umelowa jasho na ulikuwa laini kuliko alivyoukumbuka. Aliingiza ncha ya mkasi chini yake, akauminya. Ukakatika bila sauti.

Hapo mkono wa mzee ukaushika wake. Ulikuwa mkono wa mtu anayesafishwa damu, baridi, mwepesi, lakini ulishika.

Katika nyumba hiyo kulikuwa na jambo moja lisilosemwa. Delfina alipimwa ili ajitolee, akakataliwa kwa sababu ya sukari. Mama Delfina alipimwa akakataliwa kwa sababu ya presha. Mchungaji alipotaka kutangaza kanisani, Mzee Athanasi alimkataza mbele ya wazee wote: mtu haombi nyama ya mwili wa mtu, alisema, hiyo ni aibu, afadhali afe na heshima yake. Neno lile lilikuwa limefunga milango yote, na hakuna aliyethubutu kulifungua tena.

Mutuku alitabasamu, akidhani mzee anataka kumtania. Mzee hakuwa anatabasamu. Alikuwa akimwangalia kama mtawa yule wa jicho la ukungu, bila haraka, kwa macho yanayoamini kila unachosema.

"Ulisema mbele ya watu wanaomba kwamba mimi ni baba yako," alisema. "Mutuku, mwanangu. Usirudi Columbus kesho. Nenda kapimwe. Nipe figo moja."